Swali la Tatu

Mtu akikwambia Mama Cherehani hana dini, mkatalie hapo hapo. Dini anayo, tena ya kugawia majirani. Mshonaji huyu ni mzee wa kanisa mwaka wa kumi na moja sasa, na kila inapokaribia Jumapili ya Meza ya Bwana hufunga kibanda chake, akachukua daftari, akapita nyumba kwa nyumba kuwauliza waumini maswali matatu. Unasali nyumbani kwako? Unaishi yale unayoyakiri? Una ugomvi na mtu? Wala usidhani utamkwepa. Ukisita kidogo tu kwenye lile la tatu, anavuta kiti anakaa.

Wazee nao huulizana wenyewe kwa wenyewe. Wa kumwuliza yeye alikuwa Fundi Saa, ambaye miaka yote hiyo alichungulia tu kibandani, akasema, "Mama, kwema?" akajibiwa kwema, akatia alama tatu, akaenda zake. Basi! Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano.

Sasa akaja mchungaji mpya, mpole lakini mwenye macho. Akalifunua daftari la Mama Cherehani, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Mama, huyu mwalimu wa chekechea, mbona kila mara umeandika 'hayupo nyumbani'? Miaka minne?"

"Ana safari nyingi," alisema Mama Cherehani, na papo hapo akahisi masikio yanawaka moto.

"Namwona kila Jumapili, benchi la nyuma. Tangu nije hajashiriki Meza. Nenda kwake, Mama, ukamwulize. Na yeye akuulize wewe. Fundi Saa nimemwambia apumzike."

Makubwa hayo! Mwalimu mwenyewe alikuwa wifi yake, mjane wa kaka yake. Hawakusemeshana tangu siku ya mazishi, Mama Cherehani aliposimama mbele ya waombolezaji akapaza sauti: "Umemwacha kaka yangu akafa kama mtu asiye na ndugu!" Watu waliguna. Wifi hakujibu neno.

Alimkuta darasani mchana, watoto wameshaondoka, anapanga viti. Na viti vya chekechea unavijua. Mama Cherehani, na mwili wake ule, alikalia kimoja kwa tahadhari, magoti yakamkaribia kidevu.

"Mchungaji amenituma."

"Najua, amenipigia simu. Nianze mimi?" Wifi alilichukua daftari kabla hajajibiwa. "Unasali nyumbani kwako?"

"Nasali."

Wifi hakuandika. Alimtazama vile anavyomtazama mtoto anayeapa kuwa hajala chaki.

"Naombea watu," Mama Cherehani akajirekebisha. "Kanisani, misibani, kwa wagonjwa. Nikiwa peke yangu... nikifika kitandani nalala. Siku nyingi sasa." Aibu ilimjaa, nusura ainuke aondoke, ila kiti kile ukishakikalia hakikuachii upesi.

"La pili ni refu, tuliruke kwanza. Una ugomvi na mtu?"

Jibu alikuwa nalo tayari, zuri, la mzee wa kanisa: nimewasamehe wote. Lakini kasamehe nani, na nani alimkosea? Siku ile simu iliita yuko kwenye cherehani, amebakiza mapindo mawili ya sare za kwaya. Akaambiwa kaka yako hali mbaya, njoo sasa hivi. Akajisemea, nimalizie pindo tu. Akamaliza yote mawili, akapiga na pasi. Alipofika hospitalini kaka alikuwa ameshafunikwa shuka, na wifi amesimama nje ya mlango. Akambebesha lawama pale pale moyoni, maana yeye mwenyewe asingeweza kuibeba.

"Wifi, aliyemwacha ni mimi," alisema, na akaeleza yote, hata ile pasi.

"Najua. Simu ile niliipiga mimi."

"Na ukanyamaza? Mbele ya watu wote wale?"

"Ningesema, uso wako ungeuweka wapi? Nikanyamaza. Halafu nikashindwa kukusamehe. Kila Meza ikija najiuliza hilo la tatu mwenyewe, nabaki nilipokaa."

Jamani, Mama Cherehani alilia. Alilia kwa kwikwi kama wale watoto wenye viti vyao. "Nisamehe, wifi. Nisamehe."

"Siwezi kukwambia yamekwisha eti kwa sababu umelia," alisema wifi. "Nitakuwa namdanganya Mungu. Bado. Nipe muda."

Jumapili Mama Cherehani aliomba nafasi, akasimama mbele ya kanisa zima. Alisema kwamba maneno yale ya mazishini yalikuwa uongo, na aliyechelewa ni yeye. Kisha, badala ya kurudi benchi la wazee, alitembea mpaka nyuma kabisa, watu wakigeuza shingo, akaketi kando ya wifi yake. Hakutaka kwenda Mezani na kumwacha huyu nyuma kwa kosa ambalo si lake.

Mkate ukapita. Kikombe kikapita. Mwaka wa kumi na moja wa uzee wa kanisa, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuvitazama vikipita, na iliuma kweli kweli. Alifumba macho aombe. Yale maneno yake matamu ya siku zote hayakuja hata moja. "Bwana, nihurumie," alisema moyoni, akarudia hilo hilo, na akajua kwamba safari hii anaomba.

Alipofumbua macho, wifi alikuwa amemwinamia sikioni.

"Kesho uje nyumbani," alinong'ona. "Kuna maneno kaka yako aliniachia nikupe. Nimeyakalia miaka minne."