Mawese kwenye Etaje ya Sita

Jumamosi ile nilifika kwenye mulango wa shantie, pale wanapojenga, hapa kwetu Ibanda, Bukavu, saa mbili asubuhi. Saa sita ilinikuta ningali nimesimama palepale, kitambaa cha kichwa kimelowa manyunyu. Mulinzi, Djafari, mwanaume wa heshima lakini mugumu kama mufupa, alikuwa ameniambia:

— Maman, bila kaske kichwani hauingie.

— Basi nipe kaske.

— Kaske ziko kwenye depo.

— Nani anachunga depo?

— Ornella.

— Ornella ni mujukuu wangu. Muite alete kaske.

— Ornella wamemusimamisha tangu jana, Maman. Hana ruhusa ya kutoa kaske.

— Lakini mimi nimekuja juu ya huko kusimamishwa kwake!

— Ndiyo, Maman. Lakini bila kaske hauingie.

Nilivuta pumzi. Nilizaa watoto saba na nikawalea wote, mimi si mutu wa kupiga kelele. Niliegemea ukuta na kuangalia juu.

Jengo lile linapanda bila kuzungushiwa miti kutoka chini kama nyumba zetu zingine. Wanatumia kofraje inayopanda. Ni mabamba makubwa ya mbao na chuma, mawili yanatazamana, katikati wanamimina betoni, ile zege ya kujengea. Betoni ikishika, wanaachisha mabamba, grue, ile mashine yenye shingo ndefu, inayanyanyua, na wanayafunga tena juu zaidi kwa boloti zilizoachwa ndani ya ukuta uleule uliozaliwa juzi. Ornella alinielezea mara nyingi, na mimi kila siku niliangalia kutoka kiwanjani kwangu. Etaje ya nne, ya tano, kila wiki ghorofa moja. Kumbe sasa bamba moja la etaje ya sita liligoma. Liliganda kwenye ukuta tangu Ijumaa, na shantie nzima ilisimama.

Liligoma juu ya mafuta. Kabla ya kumimina betoni, ni lazima kupaka mabamba mafuta yake maalum, ili yasigandane na ukuta. Gari iliyokuwa ikiyaleta ilikwama kwenye matope upande wa Minova. Jumatatu asubuhi Ornella akaja kwangu mbio, na nyuma yake Anaclet, shefu wa kofraje, kitumbo mbele.

— Koko, akasema Ornella, umebakia na mawese ngapi?

Mimi ninauza mawese inayotoka Mwenga. Nilikuwa na bidoni mbili nzima. Anaclet alifungua moja, akachovya kidole, akalamba.

— Hii ni ya kweli, Maman. Mafuta ni mafuta. Betoni haina ulimi, itajua nini?

Tukacheka wote. Akaniomba pia chupa moja ya mawese ya kupikia maharagi kwake nyumbani, nikamupa.

Sasa, kila mama wa Bukavu anajua mawese ya asubuhi. Baridi yetu inaifanya iwe nzito kama uji wa juzi. Nilimwambia Anaclet waipashe moto kwanza. Akajibu, «Ndiyo, Maman,» jibu la mutu ambaye masikio yake yamekwisha kwenda kazini. Hawakupasha. Walipaka kwa burashi, hapa ikaganda bonge, pale ikabaki mbao tupu. Na pale penye mbao tupu, betoni ilishika bamba.

Injenia, mukubwa wa shantie, alipouliza, Anaclet akasema yeye hajui kitu. Ornella ndiye alimupa mafuta mabaya. Na Jumatatu inayokuja Ornella alitakiwa kutia saini mukataba wake, baada ya miezi sita ya kujaribiwa. Miezi sita akiamka mbele ya jogoo, akipanga misumari kwa ukubwa wake na kuandika majina kwenye kila sanduku. Ndiyo maana nilikuja.

Saa sita na nusu Djafari mwenyewe alichoka. Akavua kaske yake, akanivalisha. Ilinuka jasho na pomade ya nywele.

— Panda, Maman. Lakini haukuniona.

Nilipanda ngazi polepole, nikipumzika kila etaje. Juu niliwakuta wote. Watu wanne walikuwa wakisukuma bamba kwa vyuma na kabari za mbao, Anaclet akipiga kelele, Ornella amesimama pembeni na funguo za depo mukononi. Injenia Hugues, mutu mwembamba mwenye buti safi, aligeuka.

— Huyu maman anatafuta nini hapa?

— Papa Injenia, mimi ni koko ya Ornella. Mawese ilitoka kwangu. Nimekuja kusema nilichoona.

— Mawese? akasema. Ornella aliniambia. Anaclet anakataa.

— Anaclet alifika kwangu Jumatatu, amevaa shati ya mistari ya kijani. Alichovya kidole hiki, cha shahada, si kingine. Akalamba. Akasema betoni haina ulimi. Kisha akaniomba chupa ya mawese ya maharagi. Muke wake alipika Jumanne, nilimuona sokoni, alinishukuru.

Watu wa kabari waliacha kusukuma. Mumoja akacheka mpaka akakaa chini.

— Shefu! Kumbe ulionja?

— Haikukosa chumvi, shefu?

Anaclet aliangalia ziwa kule chini kama vile lilimuita. Injenia akasema:

— Basi, Anaclet, ulinidanganya.

Nilimuona Ornella anapumua. Mabega yalishuka. Hapo ndipo ningenyamaza. Lakini nilitaka injenia ajue kwamba mujukuu wangu anafanya kazi kwa usafi, hakuna kitu alitupa ovyo. Nikaongeza:

— Na mujukuu wangu hakuacha mawese kwenye bidoni chafu. Tuliosha vizuri kwangu ile pipa yenu ndogo ya bleu, ile yenye maandishi, tukaimimina humo, akafunga kifuniko kabisa.

Ornella alifumba macho.

— Pipa ya bleu? akauliza injenia, polepole. Ile ya mafuta ya kofraje?

— Ndiyo, Papa. Ilikuwa tupu.

— Jumanne kontrolere, mukaguzi wa kazi, alipita. Nilimuonyesha pipa hiyo. Nilimwambia: mafuta iko, angalia, imejaa. — Akageukia Ornella. — Wewe ulikuwa unasimama pale. Ukanyamaza.

— Niliogopa, Papa.

— Ni mimi nilisema waimimine humo! nikasema. Ni mimi, nilitaka vumbi isiingie!

— Maman, wewe hauko mufanyakazi wangu. Siwezi kukusimamisha.

Akanyoosha mukono. Ornella akaweka funguo ndani, zote tano, na kile kidogo cha kabati ya kaske. Injenia akaamuru: Anaclet na Ornella watakwangua mabamba yote, na mukataba tutaona kisha. «Tutaona» ya shantie ninaijua, haina tarehe.

Tulishuka ngazi. Njiani nilianza kumueleza kwamba sikujua, kwamba ningeweza kurudi, kumufafanulia injenia vizuri, moja kwa moja.

— Koko, akasema, ulishamaliza na kidole. Ulishamaliza na maharagi. Walikuwa wanacheka. Pale ungefunga kinywa.

— Lakini ilikuwa kweli.

— Ndiyo. Ilikuwa kweli.

Jumatatu aliondoka na burashi ya chuma ndani ya mufuko. Mimi nilikuwa nimekwisha kuvaa viatu vya kanisa na kutayarisha maneno yangu, namna ya kuanza na namna ya kumaliza, safari hii bila kuzidisha. Ornella aliniangalia miguu. Akapiga goti, akanivua kiatu kimoja, kisha cha pili, akaviweka juu ya kabati ambapo mukono wangu haufiki.

— Kama unanipenda, Koko, leo ubakie.

Nilibakia. Kutoka kiwanjani nilimuona kwenye jukwaa la etaje ya sita, bega kwa bega na Anaclet, wakikwangua. Mimi nilikuwa na mengi ya kusema, na miguu mitupu.