Wakiwa Hewani

Mimi ni fundi wa kusafisha sauti za zamani, na sipendi kufundishwa kazi. Shangazi alipoingia ofisini na fimbo yake nilimvutia kiti, nikamwambia akae asikilize tu. Alikuja kumtafuta mama yake. Bibi yangu huyo alikuwa mmoja wa wachezaji waliorekodiwa katika ngoma niliyokuwa nikiisafisha, na alifariki shangazi akiwa na miaka minne, bila kuacha hata picha.

Ngoma ile bado inachezwa bondeni na mtoni. Mtindo wa mlimani ulibaki kwenye kanda moja tu, nayo ilikatikakatika nilipomaliza kuiingiza kwenye kompyuta. Ilikuwa na kasoro: kila pigo la nane halikuwepo. Nikayaziba mapengo yote. Nilibakiza kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, na sauti ya mwanzo ingefutika moja kwa moja.

Shangazi alisikiliza kidogo, akanidaka mkono.

"We mtoto, nani kakutuma uzibe?"

"Mpigaji alikuwa anaruka mapigo, shangazi."

"Aliyeruka si mpigaji! Ngoma hii imezaliwa kwenye kinu. Mtwangaji anarusha mchi juu, anapiga kofi, anaudaka. Bondeni wakachukua lile kofi. Mtoni wakalitia mabegani, wakawa wanayatikisa. Sisi wa mlimani tukapanda na mchi wenyewe. Pigo la nane, watu wote wako hewani. Sasa wewe unawapigia ngoma hawajatua, wachezee nini, mawingu?"

Nywele zilinisimama. Wiki mbili nzima nimewaita watu kasoro!

Nikarudisha ile ya mwanzo. Mapigo saba, kimya, halafu kishindo cha miguu kilichotikisa vikombe mezani. Shangazi akaacha fimbo, akanishika bega. Magoti yake ni mabovu, lakini kimya kilipofika visigino vyake viliachana na sakafu. Nilimtazama kwa hofu na heshima.

"Ongeza sauti," akasema. "Hapo hapo penye kimya."

Nikaongeza mpaka mwisho. Pumzi za watu wengi zilivutwa kwa pamoja, na katikati yake mwanamke mmoja akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyewapita wenzake juu.

Shangazi akakaa taratibu.

"Huyo," akasema.

Sikumuuliza amejuaje. Kicheko kilikuwa kile kile cha shangazi mwenyewe.