Mama Mkwe Juu ya Mahameli Nyeusi

Mke wangu anachora kwenye mahameli nyeusi, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize, tuendelee. Simba wanaonguruma, tausi waliotandaza mikia, farasi wanaovuka mto, mtoto mwenye chozi shavuni: yote hayo anayaweza. Wasomi wanaziita picha za kinyozi. Ni kweli, vinyozi wengi ni wateja wetu. Kinyozi naye ana macho, tena anashinda humo ndani kutwa nzima. Kwa nini asiangalie kitu kinachong'aa?

Mimi ni seremala. Natengeneza fremu na kuwamba kitambaa, yeye anachora. Mahameli haina masihara: ukidondosha rangi, imekwisha, haifutiki. Na siri ya kazi ni kwamba weusi haupakwi. Unapaka mwanga tu, kidogo kidogo, kwa ncha ya brashi, na penye giza unakiacha kitambaa chenyewe.

Sasa, mama mkwe. Ni mkunga, nusu ya mtaa imepitia mikononi mwake, na mdomo wake hauna breki. Hakuwahi kutundika hata picha moja ya binti yake. Sebuleni kwake kulikuwa na makochi yenye vitambaa vyeupe vya kufuma, na picha za watoto wa mdogo wake wakiwa wamevaa majoho. "Simba wako atanifukuzia wageni," alikuwa akimwambia mke wangu. Mke wangu alikuwa akicheka, lakini mimi nilijua jinsi maneno yale yalivyomuuma.

Alipokaribia kustaafu, mama mkwe alikuja mwenyewe karakanani na picha ya studio mkononi.

"Nichore, wakija kuniaga wanione," alisema. "Ila uning'arishe kidogo. Kama hivi."

Kwenye picha ile, taa na poda vilikuwa vimemfanya mweupe kama aliyeangukia gunia la unga. Mama mkwe ni mweusi, weusi ule wa kumeremeta.

Mke wangu alijaribu. Alichanganya kahawia na njano na nyeupe, akaujaza uso wote. Ikatoka sura ya kinyago kilichobandikwa kwenye pazia. Aliiangalia, akaweka brashi chini.

"Huyu simjui," alisema. "Niwambie kitambaa kingine. Malaika juu."

Malaika ni zile nywele laini za mahameli. Tumeziita hivyo kwa sababu zinafanana na zile za mkononi. Zikielekea chini, kitambaa kinapauka kidogo na picha inang'aa, na ndivyo tunavyowamba siku zote. Zikielekea juu, kinakuwa cheusi hasa.

"Juu? Mama yako atakuwa mweusi ti!"

"Ndivyo alivyo."

"Na akiikataa?"

"Akiikataa, basi, sitamwonyesha tena kazi yangu maisha. Lakini siwezi kumchora mtu mwingine halafu nimwite mama."

Niliwamba, malaika juu. Akapaka mwanga kwenye mfupa wa shavu, kwenye daraja la pua, kwenye mdomo wa chini, na kwenye umajimaji wa macho. Akapaka kola nyeupe ya sare. Basi. Kwingine kote alikiacha kitambaa. Nilikuwa napiga randa, nikainua kichwa, nikamwona mama mkwe ananitazama. Karibu nimwamkie.

Siku ya kumuaga, sebule ilijaa. Mke wangu alisimama mlangoni na sinia la vikombe. Nikavuta shuka lililoifunika picha.

Kisha mama mdogo, yule mwenye watoto wa majoho, akasema, "Jamani, mbona amemfanya mweusi hivi? Kwani picha ya studio hakupewa?"

Damu ilinichemka. Nilishafungua mdomo niseme neno la kunitoa kwenye ukoo ule, mke wangu akanikata jicho. Nikaanza kukunja shuka.

Mama mkwe aliinuka. Akasogea kushoto, akasogea kulia, na uso ule ukawa unafifia na kurudi, kama kawaida ya mahameli. Akasimama mbele ya picha, kiganja mdomoni. Nikajua imekataliwa.

"Huyu ni mama," alisema.

Hakuna aliyeelewa. Akamgeukia mdogo wake.

"Njoo uangalie. Wewe ulikuwa mchanga alipofariki, na hakuwahi kupigwa picha. Si umekuwa ukiniuliza miaka yote alikuwaje? Alikuwa hivi."

Mama mdogo alikuja. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasogea karibu zaidi.

"Umefanyaje, mwanangu?" mama mkwe alimuuliza mke wangu.

"Sikufanya kitu, Mama. Hapo sijapaka rangi. Nimepaacha."

Mama mkwe alimvuta, sinia na vikombe vyake, akamkumbatia. Kisha akanigeukia mimi, machozi yakimtiririka, lakini kwa sauti yake ya kuamrisha wodini.

"Mkwe, umesimama tu? Hebu teremsha hiyo saa ya ukutani."

"Na muda tutausomea wapi, Mama?"

"Kwenye simu yako! Teremsha, weka picha hapo katikati. Na usiishike kazi ya mwanangu kwa mikono hiyo!"

Nikaenda kunawa, huku nikijivuna kana kwamba ni mimi niliyeichora.