Mabula wa Pili

Pantaleo alifanya kazi miaka tisa katika ukumbi wa chakula wa meli kubwa ya abiria. Meli hiyo ilipozama, alikuwa miongoni mwa waliotolewa baharini wakiwa hai. Orodha ya watu waliokuwemo ilikuwa na majina mia nne na kumi na mawili. Asubuhi ya siku ile, wahudumu walikuwa wamegawa sahani mia nne na kumi na tisa. Saba za ziada zilikuwa za vibarua waliochukuliwa bandari ya mwisho bila kuandikwa.

Waokoaji walihesabu walio hai na waliokufa, orodha ikatimia, boti zikarudi. Pantaleo alikuwa amekaa na blanketi mabegani, akiijua hesabu ya sahani, akisubiri kuulizwa. Hakuna aliyemuuliza mhudumu. Alipolisema jambo hilo kesho yake, ofisa mmoja aliliandika na kumshukuru.

Hakurudi tena baharini. Alikaa kwao Kolandoto miezi michache, kisha akapata kazi ya kupika kwenye kambi ya wachimbaji wadogo nje ya mji wa Geita. Wachimbaji walimwita Kapteni.

Jumanne moja ya mwezi wa nne, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Saa kumi na mbili asubuhi aligawa chai na maharage kwa zamu ya duara namba mbili, shimo la pili la dhahabu pale kambini.

"Shikamoo Kapteni. Leo meli inaelea?"

"Marahaba. Inaelea. Kunywa chai, acha maneno."

Watu wanane walikula, na mmoja wao alikuwa mgeni. Alisema ametoka Isaka, alikokuwa akipakua malori, na jina lake ni Mabula. Mchimbaji mwingine wa zamu hiyo alicheka. "Mimi pia Mabula. Basi mmoja wetu abadili jina." Usukumani mtoto akizaliwa mvua inanyesha huitwa Mabula, na mvua hainyeshi siku moja tu.

Saa tatu na nusu maji yalipasua ukuta wa duara la zamani lililoachwa jirani, yakamiminika katika namba mbili. Msimamizi, Gregory, aliazima pampu ya Eliya, mwenye duara la upande wa pili. Kufikia saa nne na dakika ishirini walikuwa wamevutwa watu saba. Wa mwisho alikuwa Mabula, yule mwenyeji, hajitambui. Gari lilimkimbiza hospitali. Karani wa kambi, kijana mmoja aitwaye Davis, aliweka alama mbele ya jina lake, akafunga daftari.

"Saba waliingia, saba wametoka," Gregory alisema. "Zima. Mrudishieni Eliya pampu yake, na kwake kunajaa."

Pampu ikazimwa. Ilikuwa saa nne na nusu.

"Bado mmoja," Pantaleo alisema.

Gregory alimtazama. "Nani?"

"Mabula."

"Mabula ameondoka na gari sasa hivi, umemwona kwa macho yako."

"Mwingine. Wa Isaka. Nimegawa sahani nane."

"Kapteni, mtu akila sahani mbili nani atajua?"

"Mimi. Ndiyo kazi yangu."

Watu wawili walicheka. Mmoja alisema Kapteni anaota bahari yake. Wale sita waliokuwa na fahamu waliulizwa. Watatu walikuwa wamechimba upande wa mashariki na hawakuona mtu mwingine. Wengine walisema waliona taa nyuma yao, lakini huko chini taa ni taa. Mmoja alikumbuka kumwita Mabula na kuitikiwa. Hakujua ni yupi aliyeitika.

Eliya alifika na vijana wake, wakaanza kufungua mpira wa pampu. Pantaleo aliukalia.

"Mzee, inuka. Kwetu maji yanaingia."

"Kwenu kuna mtu?"

"Kuna vifaa."

"Basi subirini."

"Tutakuinua sisi, mzee, na hutapenda."

Pantaleo alimgeukia Davis. "Mwanangu, fungua daftari. Sikuambii useme lolote. Fungua tu."

Davis alifungua. Chini ya majina saba kulikuwa na mstari uliokatwa kwa kalamu. Chini ya wino jina lilisomeka bado. Davis alilitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma herufi sita.

"Nilidhani nimerudia," alisema. "Niliona Mabula, halafu Mabula. Nikadhani nimeandika mara mbili."

Gregory alimnyang'anya daftari, akasoma, akalirudisha. Hakumtukana. Alimwambia Eliya kwamba pampu haiondoki, na Eliya, ambaye pia alikuwa ameusoma ule mstari, aliwaita vijana wake waje wasaidie. Lakini mpira ulikuwa umeshafunguliwa sehemu mbili. Pampu iliwaka tena saa tano na dakika kumi. Katika dakika hizo arobaini maji yalikuwa yamepanda urefu wa mtu.

Walimpata saa saba na robo, kwenye tundu la juu ambako angeweza kukaa na kupumua kama maji yasingelifikia. Daktari alisema hawezi kujua kama alikufa kabla ya pampu kuzimwa au baada. Pantaleo alimuuliza mara moja tu.

Hakuwa na kitambulisho, na simu yake haikuwaka. Habari ilienda kwa simu na bodaboda kama ilivyokuwa, kwamba Mabula amefia duarani. Kufikia Jumatano mchana walikuwa wamefika watu kumi na wanne, kutoka Kahama, Shinyanga na vijiji vya karibu, kila mmoja akiwa na Mabula wake asiyepokea simu. Walikaa nje ya chumba cha maiti. Pantaleo aliwapelekea uji, na kwa idhini ya muuguzi akawa anawaingiza mmoja mmoja.

Kumi na watatu walitoka upesi. Baba mmoja alicheka kwa sauti mlangoni, kisha akaona wanaosubiri, akaziba mdomo kwa mkono. Mama mmoja alipiga magoti, akashukuru, akaomba msamaha kwa kushukuru.

Wa kumi na nne alikuwa mwanamke kijana, Vumilia, aliyepanda lori Isaka usiku.

"Wangu ana kovu hapa," alisema, akigusa nyusi. "Kama wako huyo hana kovu, mimi naenda zangu."

Pantaleo alikuwa ameliona kovu. Alimshika mkono juu ya kiwiko, akafungua mlango, na safari hii akaingia naye.