Hewa ya Shimoni

Mwaka wa 1991, kiwanda kimoja kando ya ziwa kilileta shafti nene ya metali iitwayo titani kwenye karakana moja nyuma ya stesheni ya reli, Kisumu. Wakhisi ndiye aliyekuwa mkereza vyuma pale, na rafiki yake Joram alikuwa mchomeleaji. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu ujana, na wake zao walikuwa majirani katika mtaa wa Manyatta.

Hakuna kati yao aliyewahi kukereza titani. Ilikuwa nyepesi mkononi lakini kaidi kwenye mashine, na joto lake halikutawanyika, lilikaa pale pale kwenye ncha ya kisu. Siku ya kwanza vipande vyembamba vilivyonyolewa na kisu vilitoka manjano, vikageuka buluu, kisha vikashika moto mweupe wa kuumiza macho. Joram akaumwagia ndoo ya maji. Moto ukaruka hadi darini. Waliuzima kwa mchanga, na Wakhisi akabaki bila nyusi.

"Ni hii hewa," Joram alisema. "Titani ikishika moto inakula hewa. Tuinyime."

Alikuwa na mtungi wa argoni, gesi aliyoitumia kuchomelea aluminiamu. Waliielekeza kwenye kisu, lakini upepo wa ziwani ukaingia madirishani na kuipeperusha. Ndipo Joram akafunga madirisha yote, akaizungushia mashine turubai mpaka sakafuni. Vipande vilivyonyolewa vikaanza kutoka vyeupe, vinameremeta kama omena waliotolewa majini sasa hivi. Vilinatanata kwenye kisu, ikabidi Wakhisi akinoe mara kwa mara, lakini moto haukurudi. Wakapiga soga, wakacheka, gesi ikitiririka tangu asubuhi.

Nyuma ya mashine, humo humo ndani ya turubai, kulikuwa na shimo la zamani la kukagulia magari. Mchana, spana ilimponyoka Joram ikatumbukia.

"Wacha niilete," alisema, akashuka ngazi.

Wakhisi akasikia kishindo.

"Omera, ndugu yangu?"

Alichungulia akamwona Joram amelala kifudifudi, kama mtu aliyechukuliwa na usingizi. Hapakuwa na moshi wala harufu. Akapiga kelele na kushuka. Kabla hajafika chini, magoti yakamlegea, masikio yakajaa mvumo. Dishon, fundi magari wa jirani, alifika mbio, akamkamata kola na kumvuta juu. Walirarua turubai, wakafungua milango, wakamtoa Joram kwa kamba. Alikuwa ameshakata roho.

Hospitalini daktari alimweleza Wakhisi kwamba argoni ni nzito kuliko hewa. Ilikuwa imetambaa sakafuni na kujaa shimoni kama maji kisimani.

Beldina, mke wa Joram, alimpokea Wakhisi mlangoni kwake.

"Ule moto ulirudi?"

"Hapana, Mama Lornah."

"Alikunywa kitu?"

"Hakunywa kitu. Alikosa hewa."

"Shemeji, mlikuwa ndani ya turubai moja. Wewe ulivuta hewa ya nani?"

Mazishini Bondo, nyumbani kwao Joram, watu walinong'ona habari za sumu, na wengine walimkodolea macho Wakhisi aliyetoka mzima. Aliwaeleza ndugu za marehemu jinsi gesi inavyoweza kuwa na uzito. Walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaanza kuzungumza juu ya mvua.

Watu wa kiwanda walikuja kuulizia shafti yao. Wakhisi aliimalizia peke yake, madirisha wazi, mashine ikizunguka polepole, maji ya kupozea yakimwagika bila kukatika, akinyoa kidogo kidogo sana. Ilimchukua majuma. Lori lilipokuja kuichukua hakutoka nje kutazama. Alibaki akijaza shimo kifusi, koleo baada ya koleo.

Beldina alihamia Bondo. Krismasi ile Wakhisi alimpelekea sukari na sabuni. Lornah, binti wa Joram, ndiye aliyevipokea na kumwandalia chai. Mama yake alikaa jikoni mpaka mgeni alipoaga.