Sukari ya Kizungu

Mama yangu Somoe alifariki siku ya Alhamisi, kabla ya adhuhuri, akiwa ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi. Mie nilikuwa shuleni nafundisha. Nilipoitwa na kufika nyumbani Buguruni, wanawake walikuwa wameshamlaza kitandani na kumfunika, na nazi iliyokunwa nusu ilikuwa bado uani, inzi wameanza kuijia. Niliiosha ile mbuzi nikaiegemeza ukutani, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Mtaani wanasema mama aliuawa na vidonge. Naandika ili hayo yasibaki peke yake.

Mama alikuwa mnene, na unene wake ulikuwa sifa ya nyumba. Baba akipita, watu walimwambia, "Mwishehe, mkeo anatunzwa, mashallah." Lakini tangu mwaka wa hamsini na tatu alikuwa hawezi kwenda sokoni Ilala bila kutafuta pa kukaa njiani. Nilimpeleka hospitali. Daktari, Mgoa mmoja mzee aliyekisema Kiswahili kama mtu wa Kariakoo, akampima, kisha akanitazama mie nilivyokaa kwenye benchi, nikiwa nimeijaa benchi, akanipima na mie.

"Mama, moyo wako unasukuma mkokoteni kwenye mchanga," alisema. "Punguza mwili. Na wewe binti, presha yako imeshaanza kupanda. Mnakwenda njia moja."

Mama akasema kwamba yote anaweza kuacha ila chai tamu. Ndipo daktari akatutajia sakarini, vidonge vidogo vyeupe vilivyokuwa vikiuzwa kwenye duka la dawa Uhindini. Nilimuuliza kama vina madhara. Akajibu kwamba watu wamevitumia miaka mingi na yeye hajamwona aliyedhurika, ila mambo yote hayajui.

"Lakini sikilizeni," alisema. "Hiki kinaondoa sukari kwenye chai. Hakiondoi kitumbua kilicho pembeni ya chai."

"Kitumbua sikukuuliza, daktari," mama akajibu, na wote watatu tukacheka.

Kumbe hakuwa akitania. Kwake kidonge kilikuwa dawa, na dawa ukishaimeza imekwisha fanya kazi. Mwanzoni alipungua kidogo. Shangazi Mwanaasha, dada mkubwa wa baba, alipoona, hakuweza kunyamaza. Yeye na mama walikuwa mawifi wasiokosana utani.

"Wifi, mbona mashavu yanaingia ndani? Watu watasema kaka yangu amefilisika."

"Waseme. Kaka yako mwenyewe hajalalamika."

"Hajalalamika kwa sababu hakuoni. Ukikaa upande upande unapotea!"

"Basi leo nitakaa mbele yake."

Ila baada ya miezi michache mwili ulirudi, na zaidi. Nilimwona asubuhi akitia kidonge kikombeni, kisha akivuta sahani ya vitumbua karibu yake. Chai haina kitu, alisema, kwa hiyo nafasi ya sukari kinaingia kitumbua. Nafasi ya kitumbua ikaingiza cha pili.

"Mama, kidonge hakikondeshi mtu."

"Sasa kazi yake nini?"

"Kukuondolea sukari ya kikombe tu."

"Na hicho kikombe si kinaishia tumboni mwangu?"

Tulibishana hivyo mpaka nilipoposwa na Shomari, kijana wa Temeke anayefanya kazi bandarini. Jioni ile mama alisogeza sahani ya vitumbua upande wa baba, akasema, "Nataka kucheza lelemama harusini kwa mwanangu mwanzo hadi mwisho. Sitaki kutafutiwa kiti." Akaacha. Chai yake iliendelea kuwa na kidonge, lakini pembeni yake ulikaa muhogo wa kuchemsha, kipande kimoja. Alikuwa akienda Ilala na kurudi, akisimama mara chache kuliko zamani. Moyo ulikuwa umechoka kabla hatujaanza. Ndivyo daktari yule alivyoniambia nilipomfuata baada ya maziko, na mie namwamini.

Siku ya khitma wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka chumbani kwa mama, chai na vitumbua vinazungushwa. Shangazi Mwanaasha alifungua kabati la marehemu, akatoka na kile kichupa cha sakarini. Akakiinua juu.

"Haya, kitazameni. Hii ndiyo sukari ya Kizungu. Mtu mzima na afya yake, ananyonywa mwili kidogo kidogo mpaka anaanguka juu ya mbuzi. Tangu lini kitu kikawa kitamu na hakina sukari? Huo ni utamu wa nini?"

"Wa sumu," akasema mmoja.

"Sumu ya panya nayo ina harufu nzuri," akasema mwingine.

Shangazi akanigeukia. Yeye ndiye kungwi wangu. Yeye ndiye aliyenitoa mwali, na yeye ndiye aliyepangiwa kuniweka ndani kabla ya harusi, kama wanavyowekwa maharusi wa kwetu: kutotoka, kutofanya kazi, kulishwa uji wa samli na supu asubuhi na jioni, mpaka siku ya kuonyeshwa ngozi ing'ae na mikono ijae bangili.

"Na wewe Chausiku, nimekuona nawe unavitumia. Leo vinakwenda chooni. Arobaini ikipita nakuweka ndani, nikunenepeshe uzibe hilo pengo aliloacha mama yako. Watu wa Temeke hawajaposa fimbo ya fagio."

Baadhi walicheka. Mie si fimbo ya fagio hata kidogo, na wote walijua.

"Shangazi," nilisema, "naomba kichupa."

"Cha nini?"

"Cha mama yangu."

Alinipa, nadhani akitaka wote waone nitafanya nini. Nikachukua kikombe ambacho hakijatiwa sukari, nikadondosha kidonge, nikakoroga, nikanywa. Sahani ya vitumbua ilipofika kwangu nikaipitisha kwa jirani.

"Hiki hakikumuua mama," nilisema. "Wala hakikumponya. Kama kina ubaya wa miaka mingi mbele, daktari hajui, na mie sijui. Ila kinachoua moyo wa watu wa nyumba hii nakijua, na nyie mnakijua, ndicho mnachotaka kunilisha. Presha yangu ni ile ile aliyokuwa nayo mama. Siingii ndani."

Mtoto wa mtu alilia, mama yake akamtoa nje.

"Mwanamke anajioza mwenyewe sasa?" Shangazi aliuliza polepole. "Hiyo ndiyo elimu uliyoipata shule ya bweni?"

"Niolewe nikiwa hai, shangazi. Hilo tu."

"Basi tafuta kungwi mwingine. Mie sipeleki kwa watu mwali ambaye sikumweka ndani. Watanicheka hadi kaburini."

"Nisamehe, shangazi."

"Sikusamehe!" Akavaa kanga yake ya pili kichwani, akatoka.

Jioni nilikwenda kwa baba, aliyekuwa amekaa barazani tangu asubuhi akipokea pole za wanaume. Alikuwa ameshasikia. Nilitegemea aniamuru nikaombe radhi, kwani Shangazi Mwanaasha ndiye aliyemlea.

"Mama yako alikuwa mbishi hivyo hivyo," alisema. "Fanya unaloweza kulibeba."

Nimelibeba. Mama yake Shomari alimtuma mtu kuuliza kama ni kweli bibi harusi atatoka kazini Ijumaa na kuolewa Jumamosi. Nikamjibu ni kweli. Wakaniuliza tena kwa mtu mwingine, wakidhani wa kwanza amekosea, nikajibu vile vile. Shomari mwenyewe aliandika kwamba yeye aliposa mtu, hakuposa ng'ombe wa sikukuu; nilicheka peke yangu kwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi. Mama yake bado hajajibu, lakini hawajadai warudishiwe mahari.

Nimewaendea makungwi wawili wa Buguruni. Wa kwanza alisema anamheshimu Mwanaasha. Wa pili aliniuliza kama ninaumwa.

Harusi ni mwezi wa Mfunguo Mosi. Sitawekwa ndani, na mpaka leo sijapata kungwi.