Hatua ya Saba: Geuza

Djibril alitoka kwenye kibanda cha video kabla filamu haijafika nusu, kwa hasira, na kilichomkasirisha ni kioo cha mbele.

"Kioo kimeenda wapi?" alimuuliza rafiki yake Anwari pale nje juani, kama vile Anwari ndiye aliyekificha. "Gari lilikuwa na kioo. Limesimama, limekuwa roboti, kioo hakuna. Kifuani hakuna, mgongoni hakuna. Kimeenda wapi?"

"Kimekwenda kunywa chai."

"Mimi nilidhani naongea na mtu mzima."

"Mon vieux, lile gari lilikuwa dogo kama Probox. Roboti lake likasimama refu kuliko mnara wa simu. Huulizi chuma chote kile kimetoka wapi, unauliza kioo?"

Djibril alisimama katikati ya njia. Baiskeli iliyobeba bidoni sita za mawese ikamkwepa, na mwenye baiskeli akamtukana kwa Kirundi na kwa Kiswahili ili asikose kuelewa.

"Nilikuwa nakuja huko," alisema. "Nilianza na kioo."

Ndivyo alivyokuwa. Kibanda kizima cha Rumonge kilipiga makofi gari lilipoinua mikono. Yeye alikuwa anahesabu milango. Katuni za Kijapani alizitazama kwenye simu ya Anwari, na kuzitazama naye ilikuwa adhabu. "Rudisha. Rudisha tena. Simamisha hapo! Umeona? Mguu umerefuka. Ndege haikuwa na chuma cha kutoa mguu ule. Mchoraji ametudanganya mchana kweupe." Mara moja aliazima kwa jirani roboti la plastiki, lile la sokoni linalogeuka kuwa lori, akalifungua kwa bisibisi, akarudi uso umemvimba kama mtu aliyeibiwa. Magurudumu mawili ya kifuani yalikuwa ya uongo. Yale ya kweli yalikuwa yamekunjwa mgongoni, yamejificha kama wezi. Anwari aliisimulia habari hiyo mtaa mzima kwa wiki nzima, pamoja na kuigiza sauti, na kila alipofika kwenye "magurudumu ya uongo" watu walilia kwa kicheko. Djibril naye alicheka. Ndiyo tabu ya kumtania mtu mwema, anakusaidia kucheka.

Kisha akaanza kutengeneza la kwake.

Sharti lake lilikuwa moja: hakuna kuficha, hakuna kuongeza, hakuna kuchomoa. Kilichomo kwenye gari kiwemo kwenye mtu wa bati, na kila kipande kiwe na kazi mbili. Alichagua Hiasi, gari analolijua, lile basi dogo linalopita kutwa kati ya Bujumbura na Nyanza-Lac. Bodi aliikata kwenye makopo ya maziwa ya unga, ekseli zilitoka kwenye njiti za baiskeli, magurudumu kwenye kambambili zilizokufa, na kioo cha mbele kwenye chupa ya maji. Vipande vya tumbo hakuvichomelea. Alivitoboa ukingoni akaviunga kwa nyuzi za waya wa breki, tundu kwa tundu. Ilimchukua miezi saba. Mtu yule aliposimama alikuwa na kioo kifuani, mbele kabisa, kila mtu akione.

Mama yake hakukiona. Bibi Zainabu ni fundi cherehani, anayejulikana kuanzia mtaa wa Waswahili wa Rumonge hadi Magara, na kwa mkasi wake mkubwa hukata hata hariri bila kuikwaruza. Djibril aliutumia kukatia makopo. Siku mama alipogundua, aliufungua mkasi mara mbili hewani, akasikia unavyokwaruza, halafu akasema: "Nimekulea kwa mkasi huu. Nenda na uchafu wako huko nyuma, na mimi usinionyeshe." Djibril alihamia nyuma ya nyumba, pale ambapo ziwa limepanda hadi kwenye ukuta wa jirani. Hakumwonyesha. Alikuwa anangoja hasira ipoe, na hasira za Bibi Zainabu hupoa polepole.

Haikupata muda wa kupoa. Ijumaa moja gari liligeuka kwa mara ya kwanza bila kukwama, mtu akawa Hiasi, Hiasi ikawa mtu, na Anwari alikuwepo. Wiki mbili baadaye Djibril alishikwa na homa siku ya Jumatatu. Jumatano hakujua tena jina la mtu, ile homa ilikuwa imempanda kichwani. Alhamisi walimzika. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Kwenye matanga, wanaume walikaa kwenye mikeka bila kusema kitu, na Anwari ni mtu asiyeweza kukaa na ukimya, ukimya unamwasha. Bibi Zainabu alitoka ndani akiwa amelibeba lile limtu la bati kwa mikono miwili, kama sahani iliyojaa mchuzi. Alilikuta nyuma ya nyumba, limesimama.

"Wanasema iko linageuka," alisema. "Kweli linageuka?"

"Linageuka, Mama! Linakuwa Hiasi kamili. Mimi mwenyewe najua kuligeuza. Alinifundisha mkono kwa mkono."

Hakufundishwa kitu. Lakini uso wa yule mama ulifunguka kidogo, na mtu akishauona uso kama ule ukifunguka hawezi kurudi kuufunga.

"Basi siku ya arobaini," alisema Bibi Zainabu. "Kabla ya dua. Wewe na mimi tu. Nataka kuona alichokuwa anafanya wakati mimi nimemnunia." Akaliweka juu ya kabati, akalifunika na mtandio, na akasema asiliguse mtu.

Anwari alikuwa na kitu kimoja cha kumwokoa: kaye ya Djibril, daftari la maelezo yake. Djibril alimwachia aisome na kunyoosha mwandiko, kwa sababu yeye alimaliza sekondari na Djibril aliishia njiani. Alikuwa hajaifungua. Sasa aliifungua. Ndani mlikuwa na hatua kumi, kila moja na mchoro wake mdogo. Ya kwanza, kunja miguu. Ya pili, ingiza mikono ubavuni. Zilikwenda vizuri mpaka ya sita. Ya saba ilikuwa na mchoro wa mviringo wenye mshale, na neno moja: *Geuza.*

"Kaye nzima inahusu kugeuza," Anwari alilalamika kwa rafiki yao Emery. "Ni kama kitabu cha mapishi kinachokuambia: sasa pika."

Emery alizaliwa na kusoma kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, na tangu warudi nyumbani amekuwa polisi wa Kiswahili cha wengine. Aliushika ule ukurasa kwa vidole viwili.

"Hii iko wazi."

"Haya, ona! Umesema *iko*. Umeanza kuoza na wewe."

"Ni wazi," alijirekebisha Emery. "Geuza ni kufanya kitu kitazame upande mwingine. Ukigeuza kichwa unatazama nyuma. Kiuno kizungushwe, kifua kitazame nyuma. Ona na mshale."

Ilikuwa na maana. Anwari alikwenda nyumbani akajifunza zile hatua kumi kwa moyo, akizifanyia mazoezi kwenye hewa tupu.

Siku ilipofika alikwenda baada ya alasiri. Bibi Zainabu alikuwa amefagia na kutandika mkeka mpya, na amevaa kama anayekwenda harusini. Hilo peke yake lilimfanya Anwari atamani kurudi.

"Karibu, mwanangu. Kaa. Nikae huku, au nakuzibia mwanga?"

"Kaa popote, Mama. Hapa kila siti ni ya mbele."

Alianza. Na alianza vizuri, lazima isemwe hivyo. Alimkunja yule mtu miguu, akaita kwa sauti ya konvuayeri anayejaza abiria, "Rumonge, Kabezi, Buja, Buja, Buja! Mama, sogea kidogo, hapa wanakaa wanne!" Bibi Zainabu akacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza katika siku arobaini, kikamtoka kikiwa na kutu. Mikono iliingia ubavuni ikawa vizingiti vya milango. Kichwa kilizama. Taa zikachomoza mabegani. Kila kipande kilikuwa na mahali pake pa pili, na kila kilipolala mahali pake kilitoa mlio mdogo, na yule mama alisogea karibu zaidi, kiganja mdomoni.

"Yarabi," alinong'ona. "Yarabi, mtoto huyu."

Hatua ya saba. Anwari alishika kifua kwa mkono mmoja na nyonga kwa mwingine, akazungusha.

Hakikuzunguka. Alidhani ni ugumu wa kukaa siku nyingi bila kuguswa. Akaongeza nguvu. Kitu kikatoa sauti ndogo, kama jino linapong'oka, halafu nyingine, halafu mstari mzima wa nyuzi za waya ukaachia, na mabati manne yakaanguka mkekani.

Bibi Zainabu alikuwa bado anatabasamu.

"Ndivyo linavyofanya?" aliuliza.

Anwari angeweza kusema ndiyo. Alifungua mdomo kusema ndiyo. Maisha yake yote mdomo wake ulikuwa haujawahi kukosa la kusema, na sasa ulikaa wazi tu, kama mlango wa nyumba iliyohamwa.

"Hapana, Mama. Nimelivunja."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilichelewa, kama mtu asiyejua kwamba wenzake wameshaondoka.

"Hakunifundisha," Anwari alisema. "Nilisema uongo. Iko kaye tu. Nilisoma kwenye kaye." Akaitoa kwenye shati.

"Soma."

Alisoma. Alipofika ya saba akasema, "Geuza."

"Geuza halafu?"

"Basi. Geuza tu."

Bibi Zainabu alilichukua lile gari nusu mtu, akaliweka mapajani. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo ambao haukuvunjika, tundu kwa tundu, polepole, namna anavyopapasa kazi ya fundi mwingine. Kidole kikasimama.

"Huu ni mshono," alisema. "Ameacha na nafasi ya mshono."

"Mama?"

"Kola, Anwari. Ukishona kola unaishona kwa ndani, upande mbaya juu. Ukimaliza unaingiza kidole, unaigeuza. Unaitoa nje. Hapa nyumbani kwangu geuza ni hiyo, hakuna nyingine. Tangu akiwa mtoto, anakaa chini ya cherehani, mimi nashona, namtupia, namwambia geuza. Vidole vyake vilikuwa vyembamba, alifika mpaka kwenye pembe."

Aliingiza kidole gumba kwa chini, akasukuma. Tumbo la yule mtu, lile bati jeupe la ndani ya kopo, lilianza kujikunja kuelekea ndani, na pembeni mwake ukachomoza ukanda wa rangi ya buluu, upana wa vidole viwili, wenye nusu dirisha lililochorwa kwa ustadi. Hiasi ilikuwa humo ndani wakati wote. Kisha ikafika palipokatika ikagoma. Alisukuma mara ya pili, kwa upole zaidi. Ikagoma.

"Tunaweza kuyashona tena haya mabati?" Anwari aliuliza.

"Tundu zimechanika. Nguo ikichanika kwenye tundu unakata, unashona ndani zaidi. Lakini inapungua."

Ikipungua milango haifungi. Hata Anwari alijua hilo. Djibril alipima kila kitu mpaka kwenye unene wa kucha. Na kuweka bati jipya lisilokuwemo, hilo wote wawili hawakulitamka.

"Neno moja," alisema Bibi Zainabu. Hakupandisha sauti. "Ungekuja hapo mlangoni ukaniuliza neno moja."

"Nisamehe, Mama."

Bibi Zainabu aliyaokota yale mabati manne akayapanga mkekani kwa ukubwa. Nje mwanamke alipita akinadi ndagala, sauti ikaja ikaenda.

"Ile Ijumaa uliliona linageuka," alisema baadaye. "Wewe unapiga picha hata mbuzi akipiga chafya. Hukupiga?"

Anwari alikuwa ameomba siku arobaini asiulizwe swali hilo.

"Nilipiga."

"Nionyeshe."

Alitafuta kwenye simu akampa, kwa sababu hapakuwa na jinsi ya kutompa. Video ilikuwa ya dakika moja na nusu. Tangu mwanzo mpaka mwisho ilikuwa sura ya Anwari. Alikuwa amegeuzia kamera usoni kwake ili watu wa statusi wamwone akitangaza mechi: "Mabibi na mabwana, fundi ameshika mguu, jasho linamtoka, madaktari wako tayari!" Nyuma ya bega lake palionekana kipande cha ukuta, na mara moja kiwiko cha Djibril. Ile milio midogo ya bati ilisikika ikipita chini ya maneno yake. Katikati sauti ya Djibril ilisema, "Anwari, angalia huku basi. Hapa ndipo." Na Anwari wa kwenye simu akajibu, "Naangalia, naangalia," macho yakiwa kwenye sura yake mwenyewe.

Bibi Zainabu aliitazama mpaka mwisho. Akaomba ianzishwe tena. Safari hii aliilaza simu kifudifudi juu ya mkeka, akainamisha sikio, na lile gari bovu akalishika mapajani.

"Hii?" aliuliza bati lilipolia.

"Miguu, Mama."

"Hii?"

"Mikono. Halafu kichwa."

Ukaja mlio mrefu, laini, usiofanana na mingine. Hapo hakuuliza. Aliusikiliza ukipita, kidole gumba chake kikisogea kidogo ndani ya lile bati.

"Na hii inayofuata?"

"Sijui."

"Hii?"

"Sijui, Mama. Nilikuwa naongea."

"Na hii?"